Somo: Namna ya kuchagua vitabu kabla ya kuja likizo Nyanda za Juu Kusini

Kamwene wadau.

Likizo ya Desemba inakaribia, na wengi mnauliza: "Nakuja Iringa na Mbeya na familia, nisome kitabu gani?" Nimeona niwaandikie somo kamili, maana kutaja kitabu kimoja hakutawasaidia. Mhehe wa Kalenga, Mbena wa Njombe, Mkinga wa Makete, Mnyakyusa wa Tukuyu na Mngoni wa Songea wamepitia mambo tofauti, na kitabu kinachowameza wote katika sura moja hakimtendei haki hata mmoja wao. Kwa hiyo hapa tunajifunza kuchagua. Kanuni ninayoisimamia ni hii: vitabu vifuate njia utakayopita, na kwenye kituo kikubwa usome watu wawili wasiokubaliana.

Hatua ya kwanza: andika njia yako

Usianzie dukani. Chukua karatasi, andika vituo vyako kwa mpangilio, na mbele ya kila kituo andika kitu kimoja unachotaka kukielewa. Anayekuja kwa gari kutoka Dar atapita Mikumi, Iringa, Mafinga na Makambako ndipo aingie Mbeya, na akiendelea atafika Tukuyu, Kyela na Matema kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Anayekuja kwa treni ya TAZARA hapiti Iringa mjini kabisa. Yeye atakata bonde la Kilombero, kisha kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja ya kupandia milima, ambacho kiliwatoa jasho wajenzi wa Kichina na wa Kitanzania kuliko vipande vingine katika ile miaka ya 1970 hadi 1975. Wote wawili wanakwenda Mbeya, ila mahitaji yao ya kusoma ni mbalimbali. Wa treni ningempa Africa's Freedom Railway cha Jamie Monson (2009), kwa sababu kinawasikiliza wakulima na wachuuzi wa kandokando ya reli, hakiishii kwenye mikataba ya marais.

Ukiwa na vituo kumi, chagua vitatu utakavyolala. Vingine utavisoma siku nyingine.

Hatua ya pili: kila kituo, sauti mbili

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka. Tuchukue Kalenga, jirani kabisa na Iringa mjini, penye makumbusho yanayohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Matukio yenyewe yanajulikana. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakamuua kamanda huyo. Oktoba 1894 Wajerumani wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi 19 Julai 1898, alipojiua kwa risasi ili asikamatwe. Mwaka 1896, katikati ya msako huo, Wajerumani walikuwa wameanzisha kambi ambayo ndiyo chimbuko la mji wa Iringa wa leo. Mkwawa alipokufa, kichwa chake kikachukuliwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kikaitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo, na mwaka 1954 Gavana Edward Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Sasa tazama kisa hicho kinavyobadilika kulingana na msimulizi. Katika tamthilia ya M. M. Mulokozi, Mukwava wa Uhehe, unakaa upande wa watu wanaotetea nchi yao. Upande wa pili yuko Magdalene von Prince, mke wa ofisa aliyeongoza msako wa Mkwawa. Mama huyu aliishi Iringa siku zile zile na akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1903. Kwake, anayewindwa ni adui wa mume wake. Si lazima ujue Kijerumani, kwa kuwa wanahistoria wengi wa vita vile humnukuu. Tena wapo wanahistoria wanaohoji kama fuvu lililorudishwa kutoka Bremen, Ujerumani, ni la Mkwawa kweli. Ukiingia makumbusho ukiwa umeshakutana na hao, hutaridhika na kupiga picha na kutoka. Utamuuliza mhifadhi maswali ya maana: wale askari wa Zelewski, ambao wengi walikuwa Waafrika wakiwemo Wasudani, walifikaje hapa? Wapagazi waliokufa Lugalo walitoka wapi?

Namna ya kupima sauti ya kitabu ukiwa bado umesimama dukani: fungua faharasa ya mwisho. Kama ni kitabu cha Wahehe na unakuta majina thelathini ya maofisa wa Kijerumani na Mkwawa peke yake upande wa pili, umeshajua mwandishi alisimama wapi. Kisha soma shukrani. Aliyekaa na wazee wa vijijini huwashukuru. Kitabu cha upande mmoja kinafaa bado, ili mradi usikisome peke yake.

Hatua ya tatu: tazama mwaka wa kuchapwa

Jalada zuri linadanganya kirahisi. Kipunji, yule kima wa misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone, alitambuliwa na watafiti mwaka 2003 na kutangazwa 2005. Mwongozo wa wanyama uliochapwa kabla ya hapo hauna habari zake. Kitulo nayo, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Njombe ilitoka Iringa na kuwa mkoa mwaka 2012, na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Ndiyo maana kitabu cha zamani kitakuambia kuwa Kimondo cha Mbozi kiko Mkoa wa Mbeya, nawe utapoteza muda kukiuliza kwenye ofisi isiyohusika.

Kwa vitabu vya mila, mwaka una uzito zaidi. Monica Wilson alifanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, akachapisha Good Company mwaka 1951. Kinaeleza vijiji vya rika, ambapo wavulana waliondoka kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe. Ni kazi ya kuheshimika sana. Lakini ameandika kana kwamba mambo yanaendelea sasa hivi, na msomaji asiyeangalia tarehe atafika Tukuyu akitafuta vijiji hivyo, huku akiwapita vijana wanaopakia ndizi na chai kwenye malori. Wanaanthropolojia wengi wa wakati ule waliandika hivyo. Kila unapokuta "Wanyakyusa hufanya", soma "walifanya".

Jambo jingine la mwaka: angalia kitabu kinaishia lini. A Modern History of Tanganyika cha John Iliffe (1979) ni nguzo, ila kinakoma kwenye uhuru, 1961. Ukipita barabara ya Iringa kwenda Dodoma utavuka Isimani, ambako siku ya Krismasi ya 1971 mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi wakati wa msukumo wa vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alinyongwa. Usiposoma chochote cha baada ya 1961, mashamba yale yatakuwa mahindi tu machoni pako.

Hatua ya nne: majina ya zamani

Unapotafuta kwenye katalogi, jaribu tahajia za zamani. Mkwawa utamkuta kama Quawa, Wanyakyusa kama Konde, na Tukuyu kama Neu-Langenburg.

Hatua ya tano: kuvipata

Anzia maktaba ya mkoa ulipo. Waulize wakutubi rafu ya historia ya Tanzania, na usisahau jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza 1936 na baadaye likaitwa Tanzania Notes and Records. Makala zake fupi zinakufaa kuliko kitabu kizima kama kituo chako ni kidogo. Wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji la Dar nao huwa na hazina, lakini kagua kama ramani haijachanwa. Kitabu cha historia kisichokuwa na ramani yake nakirudisha.

Maswali ya wanachama

Mama wa Dodoma: Asante kwa somo. Nina watoto wa miaka 10 na 13, siwezi kuwapa mambo ya mikataba. Niwape nini?

Jibu: Karibu sana, mama. Mtafutie mkubwa Ngome ya Mianzi, riwaya ya vijana ya Mulokozi kuhusu vita vya Wahehe na Wajerumani. Msomee mdogo kwa sauti jioni, sura moja moja, mkimaliza kabla ya kufika Kalenga. Kwa Kitulo usihangaike na riwaya. Mpe kitabu chochote cha maua chenye picha, pamoja na daftari la kuchorea, maana Desemba maua yameshaanza.

Mwanachama wa Mombasa: Vitabu vingi ulivyotaja ni vya Kiingereza. Sisi tunaopenda Kiswahili tufanyeje?

Jibu: Ni kweli, na inauma. Hata hivyo hamkosi. Kama utafika Songea, soma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) kabla ya kuingia Makumbusho ya Majimaji. Inahusu vita vya 1905 hadi 1907, ingawa mhusika mkuu ni wa Ngarambe, mbali na huku. Kuhusu hali ya pwani na bara Wajerumani walipokuwa wakiingia, ipo Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Tena ukifika, ulizia vijitabu vya historia kwenye ofisi za makanisa. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na Walutheri wa Berlin mwaka huo huo, na sharika kongwe huandika habari zao kwa Kiswahili.

Kijana wa Morogoro: Kaka, kitabu cha watalii chenye bei za hoteli na mabasi si kinatosha?

Jibu: Kwa kulala na kula kinatosha, mdogo wangu, na ukibebe. Ila kisome mwisho. Ukianza nacho kitakupangia hata cha kuona, nawe utafika Isimila, karibu na Iringa, ukapiga picha na zile nguzo za udongo bila kujua kwamba zana za mawe zilizolala korongoni ndizo zilizowaleta wachimbaji wa mambo ya kale. Hakikisha tu kinataja baridi. Juni na Julai Mbeya si mahali pa kuja na fulana.

Mzee wa Tukuyu: Mimi nimezaliwa Rungwe. Kwa nini wageni wanisome kupitia mzungu wa miaka ya 1930 wakati sisi tupo?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Una haki kabisa, na ndiyo sababu nimesisitiza sauti mbili. Bibi Wilson aliwasikiliza watu waliokuwa wazee katika miaka ya 1930, ambao wewe na mimi hatuwezi kuwauliza tena, kwa hiyo sitamwacha rafuni. Lakini sauti ya pili kwa Unyakyusa sijaipata katika kitabu cha kununulika kirahisi. Ninachowashauri wageni ni waje na maswali matatu waliyoyatoa kwenye kitabu chake, wawaulize wenyeji kama wewe: hili lilikuwa hivyo? Liliisha lini? Nani alipinga? Ukikubali, nitawaelekeza kwako wanaokuja Desemba, ukiniambia siku unazokuwa nyumbani.