Fomati za kuhifadhi picha za kanga bila herufi kuchafuka

Dada mmoja anayeuza kanga mtandaoni aliniuliza kwa nini jina la kanga linasomeka vizuri kwenye skana yake, lakini akishaipandisha picha, herufi nyekundu zinaonekana kama zimelowa maji. Nimeandika hapa nilivyomwelekeza.

1. Tenganisha faili mama na nakala. Faili mama haipunguzwi wala haitumwi kwa mtu. Nakala ndizo za kuzungusha.

2. Faili mama iwe PNG. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye baiti 3 kwa kila pikseli, ni baiti milioni 36 kabla ya kubanwa. PNG huibana bila kutupa chochote, na hufunguka karibu kila mahali. Wapo wanaoapa kwa TIFF, fomati nyingine ya picha. Sina ugomvi nao, ila ndani ya TIFF unaweza kukuta mbano wa JPEG, unaotupa sehemu ya picha, bila kujua, kwa hiyo angalia mipangilio. Ukiskani kwa biti 16 kwa kila rangi, chagua mbano wa ZIP badala ya ule wa LZW, kwani LZW hapo mara nyingi huongeza ukubwa wa faili.

Picha iliyotoka kwenye simu ikiwa JPEG, iache hivyo hivyo. Kuigeuza PNG kunaongeza uzito tu. Kilichokwisha kutupwa hakirudi.

3. Nakala ya tovuti: JPEG, lakini soma hapa taratibu. Karibu kila mtu huanza kwa kupandisha ubora: 80, 90, hadi 100. Faili inanenepa, herufi bado chafu. Tatizo haliko kwenye namba hiyo.

JPEG hutenganisha mwanga wa picha na rangi yake. Kwa kuwa jicho ni kali kwa mwanga kuliko rangi, programu nyingi huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, yaani pikseli 4 zinagawana rangi moja. Mpangilio huo huitwa 4:2:0. Kwa sura ya mtu au bahari huwezi kugundua. Kwa herufi nyekundu juu ya nyeusi, mwanga wa rangi hizo mbili haupishani sana, hivyo ukingo wa herufi unategemea rangi, na rangi ndiyo iliyopunguzwa.

Dawa ni 4:4:4, yaani kila pikseli inabaki na rangi yake. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, iko katika mipangilio ya ziada unapotoa JPEG. Mimi hupendelea ImageMagick, programu ya kubadilisha picha kwa kuandika amri, maana amri haisahau:

`magick kanga.png -resize 1600x -sampling-factor 4:4:4 -quality 90 kanga.jpg`

Tahadhari chache. Ukiipa ubora wa 90 au zaidi, ImageMagick kwa kawaida haipunguzi rangi hata usipoiambia, lakini programu nyingine zina desturi zao, kwa hiyo iandike tu. Tovuti ikikubadilishia picha kuwa WebP (fomati ya picha za tovuti) ya aina yenye kupoteza, yaani inayotupa sehemu ya picha, umerudi ulikotoka: aina hiyo ni 4:2:0 siku zote, hata ubora ukiwa 100. Omba WebP isiyopoteza, au ukatae kabisa. Tena, usifungue JPEG ukahariri ukahifadhi juu yake; kila marekebisho yaanzie kwenye faili mama.

Kagua kwa kukuza mara mbili kwenye ukingo wa herufi. Mji na pindo vitakudanganya, vinaonekana safi hata vilipoharibika.

4. WhatsApp. Tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida, itabanwa upya.

5. GIF na HEIC. GIF ina rangi 256 tu kwa fremu, isahau. HEIC ya iPhone ni nzuri kwa nafasi, lakini kompyuta nyingi za mafundi wa uchapaji haziifungui, basi mpelekee PNG kwenye flashi.