Laini mbili za intaneti na BGP: anzeni na filta jamani

Wenzangu mnaoendesha netiweki ndogo huku Arusha na Moshi, mkishapata namba ya AS (namba inayotambulisha netiweki yenu) na IP zenu kwa AFRINIC, shirika linalogawa IP Afrika, mkachukua provaida wawili, tuseme mmoja anashukia Dar mwingine anapita Namanga kwenda Nairobi, nawaomba sana msiwashe BGP, yaani itifaki ya netiweki kutangaziana njia, kabla filta (sheria za njia zipi zipite na zipi zikataliwe) haijakaa. Mimi niliwasha hivyo hivyo. Rauta ikabeba njia zote za provaida A ikamtangazia B, na B huwa anapenda njia ya mteja wake kuliko nyingine, basi trafiki ya watu nisiowajua ikaanza kupita kwenye linki yangu ya Njiro, ikajaa, simu za wateja mpaka usiku.

Kwa hiyo filta ya kutoka: ruhusu bloku zako (mafungu yako ya IP) tu, zingine zote kataa. Ya kuingia: kataa bloku zako mwenyewe zikirudi kutoka nje, kataa IP za ndani kama 10.0.0.0/8 na 192.168.0.0/16, kataa bloku ndogo kuliko /24 (IP 256), na weka kikomo cha idadi ya njia. Rauta yako kama ni ndogo omba njia ya difolti tu (njia moja ya kupeleka kila kitu kwa provaida), inatosha kabisa. Na ROA, ile hati inayosema AS ipi inaruhusiwa kutangaza bloku zako, tengeneza siku hiyo hiyo, maana Februari 2008 Pakistan Telecom walitangaza /24 ya YouTube, ikavuja nje, na YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia kama masaa mawili.

Sasa kuchagua njia. Trafiki inayotoka unaiamua mwenyewe kwa lokali prefarensi (namba unayoipa kila njia kwenye rauta yako), namba kubwa ndo inashinda, rauta nyingi zinaanzia 100, mpe provaida wa bei nafuu 200, na ukiwa umeunga AIXP, kituo cha netiweki kubadilishana trafiki hapa Arusha, zipe njia zake 300 ili trafiki ya jirani isizunguke mbali. Inayoingia ndo ngumu, huko unaomba tu: rudia namba yako ya AS mara mbili tatu kwa provaida usiyemtaka, njia ionekane ndefu. Ikigoma, kama una /22 (sawa na /24 nne), itangaze yote kwa wote wawili, alafu kwa yule unayemtaka ongeza zile /24 zake, bloku ndogo inashinda siku zote, na laini hiyo ikikatika /22 ya upande wa pili inabeba. ROA iziruhusu hizo /24 pia, la sivyo zitatupwa.

Ukimaliza angalia rauta inamtangazia nini kila jirani (kila rauta uliyounga nayo BGP), ukiona hata bloku moja isiyo yako, zima seshen ya BGP naye hapo hapo.