Somo: Kiingereza kishike kwa sikio, macho yatakudanganya

Wakuu, habari za Moshi. Msimu wa wageni umekaribia na vijana wanaotaka kazi ya Mlima Kilimanjaro wananiuliza swali lile lile: mbona Kiingereza kinaandikwa hivi na kutamkwa vile? Mimi nilianza kama mgumu, yaani mpagazi, nikapika, sasa naongoza wageni. Ninachojua nimekiokota njiani, kwa kukosea.

Hatua ya 1: Sikia kabla hujaona. Angalieni neno kabati. Wazee wetu walisikia "cupboard", p haikusikika, wakasema kabati. Wakasikia "shirt" bila r, wakasema shati. Mwenye duka pale Mbuyuni akikupa risiti, yuko karibu na usahihi kuliko msomi anayeitamka ile p ya "receipt". Basi neno jipya lisikilize kwanza kwenye kamusi ya simu, maandishi umeyafunika kwa kidole. Lirudie mara tano, ndipo ufunue.

Hatua ya 2: Usitafute mantiki kwenye herufi bubu. K ya "knee" na "knife" ilitamkwa kweli hapo zamani. William Caxton alifungua kiwanda cha kuchapa Westminster, Uingereza, mwaka 1476, na kadiri vitabu vilivyoenea, maandishi yakaganda huku midomo ya watu ikiendelea kubadilika. Herufi nyingine zilichomekwa na wasomi: b ya "debt" iliwekwa ili neno lifanane na Kilatini. S ya "island" iliingia kwa mtindo huo huo, tena kimakosa, maana neno lenyewe halina ukoo na Kilatini. Kwetu sisi kubwa ni "climb". B yake haitamkwi, ingawa tunaitamka kila siku mbele ya wageni.

Hatua ya 3: Anza na maneno ya ugonjwa. Hapa msikimbie. Kule juu usiku mgeni hana nguvu ya kukisia unachosema. "Headache" na "stomach", ch yake ni k. Halafu kuna ukoo wa "ough", ambao hauna adabu kabisa: "cough" ni kof, "tough" ni taf, "though" ni dho, "through" ni thruu. Hakuna kanuni ya kukuokoa, kila moja lina njia yake. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza mgeni pale kambi ya Horombo kama ana "kau". Akachungulia nje kutafuta ng'ombe. Kumbe usiku kucha alikuwa anakohoa, na mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Hatua ya 4: Usibandike irabu mwishoni. Kiswahili hupenda neno liishie na irabu, Kiingereza hakijali. Funga mdomo kwenye d ya "guide". Ukiongeza i, umejitambulisha kuwa gaidi, na mgeni aliyejifunza Kiswahili kidogo atashika begi lake vizuri.

Hatua ya 5: Vuta irabu inayovutwa. Sisi i yetu ni moja. Wao wana fupi na ndefu, na ukifupisha ile ya "sheet" au "beach" umetukana. Wahudumu wa hoteli, mnanielewa.

Hatua ya 6: Mkazo. Wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, wao wanauhamisha watakavyo. "Vegetable" mkazo uko mwanzo, "hotel" uko mwisho. Jifunze neno pamoja na mkazo wake.

Maswali karibuni.

Mgumu wa Machame: Kaka, "height" na "weight" zimeandikwa karibu sawa. Zinatamkwaje?

Jibu: Mdogo wangu, ya kwanza ni hait, ya pili ni weit. Shika hivi: weit ni ile ya mzani wa getini, mzigo usizidi kilo 20. Hait ni ya mlima, mita 5,895.

Dereva wa Njiro: Nina wageni wawili gari moja. Mmoja anasema "schedule" kama shedyul, mwenzake skejul. Nimfuate nani?

Jibu: Wa kwanza bila shaka Mwingereza, wa pili Mmarekani. Wote wako sawa. Hata kuandika wanatofautiana: Noah Webster, kwenye kamusi yake ya 1828, aliiondoa u ya "colour", na Wamarekani hawajairudisha. Mfuate anayekaa kiti cha mbele.

Mama Lishe Kiboriloni: Mwanangu, kibao changu fundi kaandika "Goat Soap". Wazungu wanapiga picha, wanacheka, hawaingii. Kuna nini?

Jibu: Shikamoo mama. Umetangaza sabuni ya mbuzi. Supu ni "soup", yenye u kabla ya p. Ila ushauri wangu, andika Supu ya Mbuzi. Atakayetaka atauliza, na harufu itamjibu.

Binti Sakina: Na wao je, hawakosei majina yetu?

Jibu: Wanakosea sana. Ukitoka nao uwanja wa ndege wa KIA, wakiona kibao cha Usa River wanasoma Yu-Es-Ei, wengine wanauliza kama Wamarekani ndio walioijenga. Juzi nilimrekebisha mmoja: U-sa, silabi mbili tu. Akahangaika nayo kilomita nzima. Tengeru aliipata mara ya kwanza, maana niliitamka kabla hajaona kibao.