Hita ya Gari Inapopuliza Hewa Baridi

Katika majira ya baridi ya Minnesota, hita ikipuliza hewa baridi, anza na kiwango cha maji ya rejeta, kwa kuwa joto linaloingia ndani ya gari huletwa na maji hayo kutoka kwenye injini. Kagua injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko kikifunguliwa rejeta ikiwa ya moto, maji huruka na kuunguza vibaya. Ukiongeza, changanya kulanti (kimiminika cha kupoza injini kisichoganda kwa urahisi) na maji yasiyo na chumvichumvi nusu kwa nusu, mchanganyiko unaostahimili takriban nyuzi 37 za Selsiasi chini ya sifuri. Yakipungua tena, tafuta yanakovujia. Zulia lililolowa upande wa abiria na lenye harufu tamu huashiria kuwa rejeta ndogo ya hita imetoboka.

Maji yakiwa kamili, acha injini ipate moto, kisha, ukijihadhari na feni na mikanda, gusa kidogo mipira miwili ya maji inayoelekea kwenye hita. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, rejeta hiyo ndogo huenda imeziba. Yote ikiwa vuguvugu, na mshale wa joto haupandi hata baada ya safari ndefu, shuku themostati (vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya rejeta) iliyokwama ikiwa wazi. Yote ikiwa ya moto, kagua kilango kinachoelekeza hewa ya moto na baridi ndani ya dashibodi, ambacho kikiharibika mara nyingi hugongagonga unapozungusha kitufe cha joto.