Kupanga Masomo ya Jamii kwa Kalenda ya Maji: Mwongozo kwa Mwalimu wa Shule Ndogo ya Kisiwani

Mwalimu anayehamishiwa shule ya msingi katika kisiwa kidogo kama Chole, Juani au Jibondo, huko Mafia, akilisoma daftari la mahudhurio kwa makini ataona kwamba utoro una majira yake. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na saa hizo ndizo za kuchokoa pweza na kuokota chaza. Mtoto ambaye mama yake anategemea mwamba kwa kitoweo cha jioni hatakuwa darasani, hata akichapwa. Mwongozo huu unapendekeza kwamba shule isishindane na bahari, bali ratiba ya shughuli za nje ifuate maji: siku za bamvua darasa liende pwani, na siku za maji mafu, yaani maji yasipojaa wala kupwa sana, wazee na mafundi waje shuleni.

Anza kwa kutengeneza kalenda yenyewe, wala usiitengeneze peke yako. Mwite nahodha mmoja au mvuvi wa makamo, akae na wanafunzi wa madarasa ya juu, awaeleze anavyohesabu maji kwa tarehe za mwezi mwandamo. Wanafunzi waziandike tarehe hizo kwenye karatasi kubwa kando ya tarehe za muhula. Kisha chomekeni mti ulionyooka mahali ambapo maji hayakauki kabisa, uwe na alama za rangi kila baada ya sentimita 10, na wanafunzi wapokezane zamu ya kuusoma. Chagueni mti mrefu, kwa maana tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3 katika bahari hii. Baada ya wiki mbili watakuwa wamegundua wenyewe kwamba maji huchelewa kwa takribani dakika 50 kila siku, na darasa la tano linaweza kukokotoa kwa nini maji yaliyopwa saa nne asubuhi leo yatapwa karibu na saa kumi jioni baada ya siku saba. Hesabu hiyo inatosha vipindi vitatu vya Hisabati.

Kabla ya somo la kwanza la pwani, pata ridhaa ya kamati ya shule na ya mkutano wa wazazi. Eleza waziwazi kwamba watoto hawaendi kufanya kazi ya mwalimu wala kumvulia mtu yeyote, kwa sababu hofu hiyo ipo na ina historia yake. Visiwa nilivyovitaja vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, kwa hiyo ni vyema pia kuwaarifu wahusika wa hifadhi na kuwafundisha wanafunzi kanuni ya kutazama na kurudisha: jiwe lililogeuzwa hurudishwa lilivyokuwa, matumbawe hayavunjwi, na kombe lenye kiumbe hai ndani halichukuliwi.

Usalama hauhitaji maneno mengi, ila hauna mjadala. Kila mtoto avae viatu vyenye soli, asishike konokono wa baharini mwenye umbo la pia kwa kuwa baadhi yao wana sumu kali, na aburuze miguu mchangani ili taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, aliyejifukia asikie na kuondoka. Mtu mzima mmoja anayeijua pwani hiyo asimame akitazama maji tu, bila kazi nyingine. Aliyechomwa na mwiba wa taa atumbukizwe mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, huku safari ya kumpeleka zahanati ikiandaliwa. Darasa lirudi maji yanapoanza kugeuka, hata kama somo halijaisha.

Huko pwani, shule yenye walimu wachache ina faida ambayo shule kubwa hazina, kwani madarasa mawili au matatu yanaweza kusoma jambo moja kwa viwango tofauti. Darasa la pili lihesabu na kutaja majina. La nne lichore eneo la mita 1 ya mraba na kila kilichomo. La sita lirudi mahali palepale bamvua inayofuata na kulinganisha. Majina ya viumbe yaandikwe kama yanavyotamkwa kisiwani. Makunduchi au Lamu huenda wakatumia majina mengine, na tofauti hiyo ni somo la Kiswahili lisilopatikana katika kitabu cha kiada.

Maji mafu yakifika, wageni waje. Hapa walimu wengi hukosea kwa kumtuma mtoto na barua. Nenda mwenyewe nyumbani kwa mzee, toa shikamoo, kaa, zungumzeni habari nyingine kwanza, ndipo umwombe. Akina mama wanaosuka ukili waulizwe wao ni saa ngapi inawafaa, na siku ya bamvua wasiitwe kabisa kwa kuwa wako pwani. Epuka pia saa za chuo cha Kurani na mchana wa Ijumaa. Usiahidi fedha ambazo shule haina; kahawa, na mwanafunzi wa kumsindikiza mzee hadi kwake, hupokewa kwa heshima.

Fundi wa mashua ndiye ningeanza naye. Asije kuhutubia, aje na kazi yake, au darasa limfuate chini ya mwembe anakoundia chombo. Awaonyeshe mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na mataruma, yaani mbavu zake, awaeleze kwa nini kalafati isiyobana, yaani pamba ya kuziba nyufa za mbao, huzamisha chombo kizuri, kisha apime ubao kwa shibiri (upana wa kiganja kilichotanuliwa) na dhiraa. Wanafunzi nao wapime dhiraa zao wenyewe kwa rula, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, watafute wastani, halafu wamuulize fundi anafanyaje iwapo mkono wa msaidizi wake ni mfupi kuliko wake. Swali hilo limewahi kuzua mabishano yaliyoendelea hadi kengele ya kwenda nyumbani, na hakuna aliyesinzia.

Shughuli ya makumbi huchukua muda mrefu zaidi, na thamani yake imo katika muda huo. Makumbi ya nazi yafukiwe kwenye matope ya pwani shule inapofunguliwa mwezi Januari, yawekewe alama, na baada ya miezi kadhaa yafukuliwe na kupondwa hadi yatoe usumba wa kusokotea kamba. Wanafunzi waandike kila mwezi wanachokiona na kukinusa; ni somo la uozo lisilohitaji maabara.

Historia ifundishwe kwa tahadhari kidogo. Magofu ya mji wa kale wa Kua yako Juani, na kisa cha uhasama wa watu wa Kua na wa Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia, bado kinasimuliwa, lakini hakisimuliwi kwa namna moja. Wanafunzi wakusanye masimulizi kutoka kwa wazee wawili au zaidi, wayaandike yote yalivyo, wala mwalimu asichague lililo sahihi mbele ya jamaa za wasimulizi.

Yote haya yaandikwe katika daftari moja gumu linalokaa ofisini, si katika simu ya mwalimu, kwa kuwa walimu wa visiwani huhamishwa mara kwa mara. Ukurasa wa kwanza uwe na tarehe za bamvua za muhula ujao, na ukurasa wa pili uwe na orodha ya mafundi na wazee waliokubali kufundisha, pamoja na siku na saa ambazo kila mmoja wao hapendi kusumbuliwa.