Mtaji na kodi kwa biashara ndogo Moshi na Arusha: daftari kwanza, ndo TRA, ndo mkopo

Mimi kazi yangu ni kuandika hesabu za biashara ndogo hapa Moshi, wateja wengi wako Mbuyuni, Memorial na Kiboriloni, na wachache Arusha upande wa Kilombero na Kwa Mrombo. Karibu kila wiki anakuja mtu anauliza atapata wapi mkopo wa riba nafuu, nikimwomba daftari la mauzo hana, nikimuuliza kwa nini hana anasema akiandika mauzo TRA (mamlaka ya mapato) watamuona. Alafu huyo huyo anaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Inaniuma sana kwa sababu daftari lile analoliogopa ndo lingemshushia kodi na ndo lingempa mkopo wa bei rahisi, kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa mpangilio ule ninaowafanyia wateja wangu, usiruke hatua hata kama haraka yako ni hela.

Hatua ya 1: Daftari, miezi mitatu kabla ya kuomba chochote

Nunua counter book moja, hiyo hiyo ya dukani kwa Mangi. Kila ukurasa chora safu tano: tarehe, mauzo ya siku, manunuzi ya mzigo, matumizi ya biashara (pango, umeme, usafi, bodaboda ya mzigo), na safu ya mwisho hela uliyochukua kwenda nyumbani. Hiyo ya mwisho watu wengi hawaandiki na ndo inayoua biashara, ada ya mtoto inatoka kwenye droo, mchango wa msiba unatoka kwenye droo, mwisho wa mwezi mtu anasema biashara haina faida kumbe faida ipo ila ilishaliwa.

Andika kila siku jioni kabla hujafunga, hata kama umeuza elfu tatu. Siku hujafungua andika "sikufungua". Risiti za mzigo ziweke kwenye bahasha ya kila mwezi, na usizitupe, sheria inataka kumbukumbu zikae miaka mitano.

Kama unapokea malipo kwa simu chukua Lipa Namba ya biashara, usipokee kwenye namba yako ya kawaida unayotumiwa na hela ya shangazi. Ukishachanganya, ile taarifa ya miamala haikusaidii tena, afisa wa mkopo hawezi kujua ipi ni mauzo na ipi ni ya shangazi.

Hatua ya 2: Jua kodi yako kabla hujakadiriwa

Hapa nitakaa sana maana ndo pana hela.

Mfanyabiashara mdogo, mtu binafsi, ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka analipa kodi ya mapato kwa makadirio ya mauzo. Hii haiwahusu wanaouza utaalamu kama washauri na mafundi wa kandarasi, hao wana utaratibu wao. Viwango ninavyovitumia ni vile vilivyokuwepo baada ya Sheria ya Fedha ya 2022, na kwa kuwa kila Julai mosi sheria mpya ya fedha inaanza, ukifika TRA omba karatasi ya viwango vya mwaka huo, ni bure.

Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, hulipi kodi ya mapato. Ukizidi milioni 4 hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Ukizidi milioni 7 hadi milioni 11, asiye na kumbukumbu 250,000, mwenye kumbukumbu 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kuanzia hapo hadi milioni 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo.

Sasa chukua mama mmoja mteja wangu mwenye mgahawa karibu na Soko la Mbuyuni. Anauza wastani wa 30,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inakuja 780,000, kwa mwaka 9,360,000. Bila daftari ni 250,000. Akiwa na daftari: amezidi milioni 7 kwa 2,360,000, asilimia 3 yake ni 70,800, jumlisha 90,000 inakuwa 160,800. Tofauti ni 89,200, yaani magunia ya mkaa hayo, kwa sababu tu ya kuandika jioni. Huo ndo unafuu wa kodi ambao mtu wa kawaida anao mkononi na hautumii.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, ukivuka milioni 11 kodi inaruka, haipandi taratibu. Mwenye daftari na mauzo ya milioni 10.9 analipa 207,000, mwenye milioni 11.5 analipa 402,500, na juu ya hapo anatakiwa awe na mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti. Sisemi ufiche mauzo, usifiche, nasema kama unaona unaelekea huko anza kutenga hela mapema usije ukashtukizwa. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni habari ya mbali, tangu Julai 2023 ni lazima ukifikisha mauzo ya milioni 200.

Hatua ya 3: Siku ya makadirio

Makadirio yanafanyika mwanzoni mwa mwaka, Januari mpaka Machi, na kodi unailipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Usisubiri tarehe 31 Machi, foleni inakuwa kubwa na afisa hana muda wa kukusikiliza.

Nenda na daftari lako na bahasha za risiti. Moshi kuna jambo la pekee, Desemba watu wanapanda kutoka Dar na kila mahali, kijiji kizima kinajaa, mauzo ya Desemba yanaweza kuwa mara tatu ya Mei. Usiende ukataja mauzo ya Desemba kana kwamba ndo ya kila mwezi! Nshaona mtu amejibu kwa haraka "nauza laki moja kwa siku" maana ndo alichokumbuka, wiki mbili tu baada ya sikukuu, akakadiriwa kwa hiyo laki. Arusha wale wanaotegemea watalii hali ni hiyo hiyo, Aprili na Mei mvua za masika mji unapoa. Onyesha mwezi kwa mwezi.

Ukiona makadirio hayafanani na daftari lako, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Pingamizi lina masharti, unatakiwa ulipe kile usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa, na kama huna uwezo unaweza kuomba kwa barua upunguziwe hilo sharti. Kama shida yako si kiasi bali hela haipo kwa sasa, andika barua ya kuomba kulipa kidogo kidogo kabla tarehe haijapita. Ukishaiandika, gongesha muhuri nakala yako ubaki nayo.

Lipa kwa control number tu, ile namba ya malipo unayopewa na TRA. Hakuna afisa wa kumpa kodi mkononi.

Na pango: mwenye fremu ndo anadaiwa kodi ya zuio ya asilimia 10, ila wewe mpangaji ndo unaikata na kuipeleka TRA. Fremu ya 150,000 kwa mwezi ni 1,800,000 kwa mwaka, unamlipa yeye 1,620,000 na TRA 180,000. Wenye fremu wengi wanataka 1,800,000 yao kamili na kodi uitoe mfukoni mwako, kwa hiyo liongeeni kabla ya kusaini mkataba, baada ya kusaini umechelewa.

Hatua ya 4: Karatasi

Hapa ni haraka. Kitambulisho cha NIDA, TIN yaani namba ya mlipa kodi (bure), jina la biashara kwa BRELA, wakala wa kusajili biashara, kwa mtandao, leseni ya halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI ambao utataka cheti cha TRA cha kuonyesha huna deni. Unaona mpangilio? Kodi isipokaa sawa leseni haitoki, leseni isipotoka mkopo hauji.

Hatua ya 5: Mkopo, anza na usio na riba

Wa kwanza kuufikiria ni ule wa asilimia 10 ya halmashauri. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na hauna riba kabisa, ukikopa milioni 5 unarudisha milioni 5. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024 na masharti yamekazwa. Unaombwa kwa kikundi, wanawake na vijana kuanzia watu watano, ila mwenye ulemavu anaweza kuomba hata peke yake.

Mlango ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, siyo mtu wa mtaani anayesema "mimi nina mtu halmashauri". Mnahitaji katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao chenye sahihi, cheti cha usajili wa kikundi, akaunti ya benki ya kikundi, na andiko la mradi. Andiko ndo linawashinda wengi, wanaandika kurasa kumi za maneno makubwa bila namba. Andika kurasa mbili: tunafanya nini sasa, tunauza kiasi gani kwa mwezi (toa daftari), tunataka kununua nini na bei yake dukani, kitaongeza mauzo kiasi gani, marejesho ya mwezi yatatoka wapi. Ambatanisha bei ya mwenye duka la mashine yenye muhuri.

Nawasihi sana msikope majina. Ukimweka jirani kwenye kikundi ili mfike watano na yeye hana biashara, siku hela ikiingia ataitaka sehemu yake, na siku ya marejesho hatakuwepo, deni ni la wote watano. Nimekaa kwenye kikao cha akina mama wanne wakilia kwa sababu ya mtu mmoja wa hivyo na sikuwa na la kuwasaidia, mkataba walishasaini.

Hatua ya 6: Kama wewe siyo mtu wa kikundi

SIDO, lile shirika la viwanda vidogo la tangu 1973, lina ofisi Moshi na Arusha na lina mfuko wa mikopo unaitwa NEDF. Kama unasindika, unashona, unachomelea, unatengeneza sabuni, anza pale, na hata ukikosa mkopo utapata mafunzo. SACCOS na VICOBA, yaani vyama na vikundi vya kuweka na kukopa, ni wazuri kwa mtaji wa kuzungusha, VICOBA vingi vinakopesha mpaka mara tatu ya hisa zako, ila angalia kikundi kina miaka mingapi na mwaka jana kiligawana bila ugomvi? Wanawake na vijana waulizie pia Imbeju, mpango wa benki ya CRDB. Mikopo ya kwenye simu kama Songesha na Mshiko Fasta itumie kwa dharura ya siku mbili tatu, mzigo umefika na umepungukiwa kidogo, usifungulie biashara.

Kabla ya kusaini popote fanya hesabu hii. Jumla utakayorudisha, toa uliyopokea mkononi (siyo iliyoandikwa, maana wengine wanakata fomu na bima kwanza), gawa kwa uliyopokea. Mteja wangu mmoja alipewa 200,000, arudishe 10,000 kila siku kwa siku 26. Akaona elfu kumi ni ndogo. Jumla 260,000, yaani asilimia 30 kwa mwezi mmoja! Benki Kuu iliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wenye leseni daraja la pili (wanaokopesha bila kupokea amana), kwa laki mbili hiyo ni 7,000. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mkopeshaji ni leseni yake ya Benki Kuu iko wapi, akizunguka ondoka. Na zile programu za simu zinazokopesha alafu zinatumia meseji ndugu zako wote ukichelewa, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zisizo na leseni, itafute uione kabla hujapakua.

Omba marejesho yaendane na msimu wako. Kama unauza nguo Memorial, kopa Septemba au Oktoba, ununue mzigo, uuze Desemba. Ukikopa Februari kwa marejesho ya kila mwezi masika yatakukuta na deni. Wengi hawaombi muda wa kuanza kulipa baadaye kwa sababu hawajui kama unaombwa. Unaombwa.

Hatua ya 7: Ukifunga biashara

Hii wanaisahau. Mtu anafunga duka Sakina, Arusha, anahamia Babati, anaiacha TIN vile vile, mfumo unaendelea kumhesabia biashara ipo, baada ya miaka mitatu anataka kufungua upya anakuta deni na adhabu za biashara isiyokuwepo. Siku ukifunga andika barua kwa meneja wa TRA wa eneo lako, taja TIN, tarehe ya mwisho kuuza na sababu, ambatanisha barua ya mtendaji wa mtaa na ya mwenye fremu kuthibitisha umeondoka, gongesha muhuri nakala yako, alafu iweke kwenye bahasha moja na lile daftari.