Unataka kufanya kazi na kiwanda kikubwa na kampuni yako bado changa? Soma hii kwanza

Vijana wenzangu wa Malindi, wengi wenu mna kitu kizuri kabisa kwa laptopu lakini mkitaka kampuni kubwa mnakimbilia kutuma imeli kwa bosi Nairobi, alafu mnangoja, miezi inapita, kimya. Msianzie huko jamani. Anzeni na yule mtu ambaye shida inamchosha yeye mwenyewe kila siku.

Mfano hivi viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni. Maji ya bahari yanaingia bwawani yakiwa Baumé (kipimo cha ukali wa chumvi kwenye maji) 3 na nusu hivi, jua na upepo vinayakausha, yanahamishwa bwawa hadi bwawa mpaka yakaribie 25 ndio chumvi ianze kuganda, na ukichelewa sana kumwaga yale yanayobaki chumvi chungu za magnesiamu zinaganda pamoja na ile nzuri. Kuna mtu anazunguka juani na kipimo mkononi, anaandika kwa daftari. Sisi tulitembea naye wiki mbili kabla hatujaunda chochote, tulikuwa tumeshajiamulia shida ni kupima, kumbe kupima anajua vizuri sana, shida ni ile nambari inamfikia mtu wa pampu kesho yake. Basi tukatengeneza kitu cha SMS tu, rahisi.

Ukishaijua shida hivyo, mwendee msimamizi wa uzalishaji na karatasi moja: mabwawa mawili, siku 60, na nambari gani ikibadilika tutasema imefaulu. Majaribio yawe madogo lakini macho wazi. Ile M-Pesa ilipojaribiwa 2005 ilikuwa ya kulipia mikopo midogo, watu wenyewe wakaanza kutumiana pesa, na 2007 Safaricom ikaizindua kama huduma ya kutuma pesa.

Sasa hapa kwa mkataba naomba mnisikize sana. Kazi yetu ya kwanza, na kampuni nyingine, tulifanya majaribio ya bure bila tarehe ya mwisho, miezi tisa, nauli na vifaa mfukoni mwetu, wakaomba michoro tukawapa, baada ya hapo simu hazikushikwa tena. Wenzangu wawili waliacha, na siwalaumu. Kwa hivyo andikeni kabla ya kuanza: inaisha lini, nani analipia vifaa na nauli, data ni ya nani, muundo ni wa nani. Mkataba wa usiri usainiwe kabla hujafungua kifaa chako mbele yao. Jina na nembo sajili KIPI, ile taasisi ya serikali ya alama za biashara na uvumbuzi, programu ipeleke KECOBO, bodi ya hakimiliki.

Makaratasi mengine ni ya kawaida, usajili wa kampuni, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), cheti cha kodi, akaunti ya benki kwa jina la kampuni, na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, maana bila hiyo wahasibu wao hawakugusi.

Usipeleke mzigo bila LPO, yaani oda rasmi ya ununuzi kwa maandishi, hata kama meneja ni mjomba wako. Na uliza mapema wanalipa baada ya siku ngapi, wengine 60, wengine 90, na hizo siku wewe utakula nini? Omba nusu mbele, wakikataa omba hata ya vifaa.

Na usitegemee mtu mmoja ndani. Tafuta wawili, mmoja bwawani mmoja ofisini, kwa sababu huyo mmoja akihamishwa kabla ya LPO kutoka unaanza upya kwa askari wa geti.